Kushika kamera ukiwa bado skuli: maswali ninayoulizwa na majibu yake

Nipo kidato cha nne, Unguja. Tangu kidato cha pili najifunza kupiga picha na kushuti video: kwanza kwa mama mdogo wangu, ambaye kazi yake ni picha za harusi upande wa wanawake, kisha kwenye klabu ya skuli, ambako mwaka jana tulitengeneza filamu fupi ya dakika saba kuhusu wanawake wanaolima mwani Jambiani. Wenzangu wananiuliza maswali yale yale, na wazazi wao pia. Nimeyakusanya hapa.

Ulianzaje?

Kwa kubeba stendi. Miezi mitatu ya mwanzo mama mdogo hakunipa kamera. Nilimshikia taa, nikabeba mkoba wa betri, nikahesabu memori kadi kabla ya kutoka nyumbani na baada ya kurudi. Wakati ule niliona ananichelewesha. Kumbe nilikuwa nasoma: anasimama wapi biharusi akiingia, anamsogelea nani na nani hamsogelei, na namna anavyomtazama mtu usoni kabla ya kuinua kamera, akasubiri hadi mtu amkubalie kwa kichwa au kwa tabasamu. Hilo la mwisho hakuwahi kunifundisha kwa maneno. Nililiona tu, harusi baada ya harusi.

Lazima niwe na kamera, au simu inatosha?

Simu inatosha kuanzia, na inatosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya filamu yetu ya mwani imeshutiwa kwa simu. Ila jifunze kuishika. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, shikilia kidole hadi simu ifunge mwanga na fokasi, ndipo uanze kurekodi. Usivute kwa vidole ili kusogeza picha karibu, sogea wewe. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, kwa sababu simu inakaa mkononi na mfukoni na lenzi yake ina mafuta muda wote. Nusu ya picha za ukungu ninazoletewa na wenzangu zimeharibiwa na alama ya kidole.

Wewe unatumia kamera gani?

Canon 600D ya mama mdogo, aliyonikabidhi alipopata nyingine. Ni kamera ya mwaka 2011, na bado inafanya kazi. Kioo chake kinageuka pembeni, jambo linalonisaidia nikishuti chini karibu na maji. Ina tundu la maiki ya nje. Haina tundu la kuvaa hedifoni, kwa hiyo huwezi kusikia kinachorekodiwa wakati unarekodi, na hilo ndilo pungufu lake kubwa kwangu. Lenzi ninayoipenda ni ya milimita 50, f/1.8, yaani tundu lake la mwanga linafunguka sana. Kwenye kamera hii inatoa upeo sawa na milimita 80, kwa hiyo inafaa nyuso lakini chumba kidogo kinakushinda: unarudi nyuma hadi unagusa ukuta.

Ukinunua ya mtumba, washa, rekodi dakika kumi nzima, tazama lenzi kwa kuielekeza kwenye taa kama ndani kuna nyuzinyuzi za ukungu, na uliza shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha, imeshapigwa mara ngapi.

Kwa nini nikipiga picha za harusi nyuso zinatoka nyeusi tii?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake lipo kwenye nguo zetu.

Kamera haijui kilicho mbele yake. Inapopima mwanga inachukulia kwamba kila kitu, ukikichanganya, kitatoka kijivu cha katikati. Sasa ipeleke mbele ya bwana harusi na wenziwe kumi na mbili wamevaa kanzu nyeupe. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinakuwa kijivu na nyuso zinazama. Kamera haijaharibika, inafuata hesabu yake. Dawa ni kuongeza mwanga kwa makusudi, kwenye alama ya kujumlisha na kutoa: panda hadi moja, tazama, rekebisha. Au pima mwanga usoni peke yake.

Kwa wanawake waliovaa mabuibui mambo yanageuka. Weusi ukijaa kwenye fremu kamera inaongeza mwanga, buibui linakuwa kama majivu na uso unafifia. Hapo unatoa, hadi moja hivi.

Na jambo moja ninalolisema kwa uchungu. Simu nyingi zina kitu kinachoitwa urembo, na zinatoka dukani kikiwa kimewashwa. Kinalainisha ngozi na kuipausha. Kizime. Nimeona picha za mabiharusi ambazo mama zao waliziangalia wakanyamaza, kwa sababu aliyekuwemo hakuwa mtoto wao. Ngozi nyeusi haihitaji kupaushwa ili ionekane, inahitaji mwanga mpana na laini kutoka pembeni: dirisha lenye pazia jepesi, au taa iliyogeuziwa ukuta mweupe. Jaribu nyumbani. Mweke dada yako kwenye kiti kando ya dirisha saa tatu asubuhi, na utaona rangi ambazo hukuwahi kuziona usoni mwake.

Video zangu za ndani zinacheza mistari, taa zinawaka na kuzima. Kamera ni mbovu?

Hapana. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, haraka kuliko jicho linavyoona. Kasi ya shata ikiwa 1/50 au 1/100, kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, inapata mapepeso kamili na picha inatulia. Ikiwa 1/60, haigawanyiki sawasawa, na mistari inaanza kupita. Kamera nyingi zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, NTSC, fremu 30 kwa sekunde. Ingia kwenye mipangilio uchague PAL, mtindo unaoendana na umeme wa hertzi 50, fremu 25, na shata 1/50. Nilihangaika na tatizo hili muhula mzima kabla mama mdogo hajanionyesha, na lilimchukua dakika moja.

Mwanga mzuri unapatikana saa ngapi?

Hapa Unguja jua linazama karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unapita upesi. Mimi nahesabu nusu saa baada ya jua kuchomoza na nusu saa kabla ya kuzama, na kila kitu lazima kiwe tayari kabla. Saa sita mchana jua likiwa utosini macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Mpeleke kivulini, chini ya mkungu au barazani.

Lakini kazi nyingine hazingoji mwanga. Wanawake wa mwani wanafuata maji, na maji yanafuata mwezi. Yakitoka bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hapo ndipo kamba zote za mwani zinafikika. Jua limeshapanda na linachoma. Sisi tulifika tukiwa na huzuni kwamba tutapata picha mbaya. Tulichokikuta ni kwamba mwanamke akiinama kufunga mwani, mchanga mweupe na maji machache ya chini vinampiga mwanga usoni kutokea chini. Uso uliokuwa gizani akisimama unang'aa akiinama. Tukaacha kuwaomba wasimame, tukashuka sisi hadi magotini.

Kwa nini unasema sauti ni muhimu kuliko picha?

Kwa sababu mtu ataendelea kutazama video yenye picha hafifu kama anasikia vizuri, lakini asiposikia anaondoka. Hili nimelijua kwa gharama.

Siku ya kwanza Jambiani ilikuwa Julai, kusi imepamba moto. Tulimhoji bibi mmoja ufukweni, bahari nyuma yake, kila kitu cha kupendeza. Alitueleza alivyoanza kulima mwani mwanzoni kabisa, miaka ile ya 1989 na 1990 kilimo hicho kilipoingia Unguja, na jinsi fedha ya kwanza ilivyomwezesha kuezeka nyumba kwa jina lake mwenyewe. Tulipofika nyumbani tukasikia upepo tu. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, kama mtu anazungumza ndani ya gunia.

Pigo la pili lilikuwa siku hiyo hiyo. Kamera yangu inakata kurekodi faili likifika gigabaiti 4, yaani baada ya dakika kama 12. Sikujua. Nilikuwa namtazama bibi, sikutazama kioo, na alipofika kwenye habari ya nyumba kamera ilikuwa imeshasimama.

Tulirudi wiki mbili baadaye, bamvua lililofuata. Tulimwomba radhi na kumweleza ukweli. Akasema basi kaeni jikoni, huku hakuna upepo. Ndivyo tulivyofanya, na mahojiano hayo ya jikoni ndiyo yaliyomo kwenye filamu. Makuti na magunia yanameza mwangwi. Sebule yenye vigae na kuta tupu inaurudisha. Simu ya pili tuliifunga kwenye pindo la kanga yake, karibu na kifua, ikirekodi sauti peke yake. Kabla hajaanza nilipiga kofi moja mbele ya kamera. Kofi linaonekana kwenye video na kusikika kwenye sauti zote mbili, na wakati wa kuhariri unalinganisha hapo.

Mambo mengine ya sauti kwa kifupi: funika maiki kwa sifongo ukiwa nje, subiri adhana imalizike, usimkatishe mtu wala usiichanganye na maneno yake, zima feni na friji, lakini weka funguo zako juu ya friji ili usiondoke bila kuiwasha, na kabla ya kukunja vyombo rekodi dakika moja ya mahali penyewe, hakuna anayesema. Dakika hiyo itaziba mapengo yako yote.

Ni kweli ulisimamishwa kazi ya harusi?

Ni kweli, miezi miwili. Naieleza kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo hakuna programu inayoifundisha.

Ukumbi wa wanawake kwetu hauingii mwanamume, na wapiga picha wake ni wanawake. Mle ndani watu wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, wanacheza. Wameingia kwa imani kwamba kinachoonekana mle kinabaki mle. Nikiwa kidato cha pili niliweka sekunde kumi na tano za ngoma kwenye status yangu. Biharusi hakuonekana, nikadhani basi. Nyuma ya waliokuwa wakicheza alipita mgeni mmoja kichwa wazi. Jioni yake shemeji wa mgeni huyo alikuwa ameshaiona.

Nilikwenda na mama mdogo kuomba radhi. Yule dada hakunifokea. Alilia, akaniuliza kama ningependa iwe mimi. Tangu siku hiyo neno ninalolitumia kwa picha ya mtu ni amana, na ninalichukulia kama linavyochukuliwa kwenye mali: umekabidhiwa, si yako, utaulizwa.

Taratibu zetu sasa: kazi za ukumbi wa wanawake hazipandishwi simuni hata kidogo. Mama mdogo anahariri mwenyewe. Familia ikishapokea na kuridhika, anafuta nakala zake mbele ya mwenye kazi akitaka. Mgeni akisema hataki kupigwa, hatuulizi sababu, na tunahakikisha hayumo hata nyuma. Shoga yangu akiniomba nimtumie picha ya gauni la fulani ili akamwonyeshe fundi, namwambia amwombe mwenye gauni.

Na mitaani? Naweza kumpiga picha mtu yeyote sokoni Darajani?

Omba. Neno "naomba nikupige picha" linachukua sekunde tatu. Wachuuzi wa Darajani wamechoka kupigwa na wageni wanaopita kama wanapiga picha za ndege. Nunua kitu, zungumza, kisha omba. Ukikataliwa shukuru. Watoto wadogo ninawapiga mzazi akiwepo tu.

Mafaili yangu yamepotea. Nifanyeje?

Acha kuitumia kadi hiyo papo hapo. Usipige hata picha moja zaidi, maana unaandika juu ya kilichofutika. Mpelekee mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili.

Ili yasipotee: nakala tatu, kwenye vitu vya aina mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Kamera yangu inakula kama megabaiti 330 kwa dakika moja ya video, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa moja na nusu hivi. Nachukua kadi nne ndogo badala ya moja kubwa. Sitoi kadi taa ya kamera ikiwa bado inawaka, na siifuti hadi nimefungua mafaili kwenye kompyuta na kuyatazama kwa macho.

Watu wananiona nimezidi kwa hili. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka, jengo la kihistoria la Mji Mkongwe ambalo kila mtu Unguja alikuwa amelipita mara elfu. Baadaye mama mdogo alitafuta picha zake alizopiga ndani ya jengo lile, na diski yenyewe ilikuwa imeshakufa. Ukitaka kuelewa picha zilizotunzwa zinafaa nini, ingia Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Simama mbele ya zile picha nyeusi na nyeupe. Mimi nilikaa hadi nikasahau daladala.

Unahariri kwa programu gani?

Simuni CapCut. Kwenye kompyuta ya klabu DaVinci Resolve, toleo la bure, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Kompyuta ikiwa dhaifu jaribu Kdenlive, nayo ni ya bure.

Programu si kazi, ingawa. Kazi ni kusikiliza yote uliyorekodi na kuandika kwenye daftari dakika ipi imesemwa nini. Tulikuwa na saa tano za mwani na tukabakisha dakika saba. Nilikata pia machweo niliyoyapenda mno, sekunde ishirini za ngalawa, kwa sababu hayakuwa yanahusu wanawake wale. Rangi gusa mwisho, na kidogo. Ngozi ikianza kuwa ya chungwa umeshapita.

Chumvi na unyevu vinaharibu kamera?

Vinaharibu. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukirudi, kwanza puliza mchanga kwa mpira wa hewa, ndipo ufute, na mwili wa kamera uufute kwa kitambaa kilicholoa maji baridi kidogo kisha kikavu. Mchanga ukiusugua unakwaruza. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa, la sivyo lenzi inatoa jasho. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Kabati la nguo ndiko ukungu unakozaliwa.

Droni?

Inahitaji kibali cha serikali. Mimi sirushi.

Mimi ni mzazi. Haitamharibia masomo?

Mama aliniuliza hivyo hivyo, na tulikubaliana mambo matatu mbele ya mama mdogo: hakuna kazi usiku wa kuamkia skuli, mitihani ikikaribia kamera inakaa kwa mama, alama zikishuka, tunazungumza kabla ya kamera kurudi. Simu skuli haturuhusiwi, kwa hiyo kamera ya klabu anaishika mwalimu na tunaitumia mbele yake. Fizikia imenipanda kidogo. Mada ya mwanga na lenzi ilipofika nilikuwa nayo mkononi tayari. Hesabu haijapanda, na ninaifanyia kazi.

Mwulize mwanao anakwenda kupiga wapi, na nani yupo. Hilo ni muhimu kuliko bei ya kamera.

Unalipwa?

Mama mdogo hunipa posho kwa kila harusi. Kazi za peke yangu sijachukua.

Baada ya skuli utasomea wapi?

Natamani TaSUBa, Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Wakati huo huo nahudhuria ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, inapokuja. Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 1997, na kukaa Ngome Kongwe usiku ukitazama filamu pamoja na watu mia kadhaa kunakufundisha kitu: unasikia wapi wanacheka na wapi wanaanza kuzungumza na jirani. Mimi huandika hapo wanapozungumza.

Filamu ya mwani naweza kuiona wapi?

Haipo mtandaoni. Wanawake wale walikubali ionyeshwe skuli na kijijini kwao, basi. Klabu inakutana Jumamosi asubuhi. Njoo tukuonyeshe.

Jambiani tuliionyesha uani kwa yule bibi, kwenye shuka nyeupe tuliyoifunga kati ya minazi miwili. Ilipofika dakika ya nne akasema, rudisha. Nikarudisha. Akasema tena, rudisha. Pembeni ya fremu, kwa sekunde sita hivi, kulikuwa na jirani yake akipita na gunia la mwani kichwani, akageuka kututazama. Alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na mimi sikuwa hata najua jina lake. Kipande kile kinatikisika na nilikaribia kukikata. Tulikirudisha mara tano. Asubuhi yake mwana wa jirani yule alikuja kuniuliza kama naweza kuitoa picha moja humo, nikamchapishia mbili, moja yake na moja ya bibi.